Nani Anahesabu Abiria Wetu?

Liko swali moja ambalo sisi watu wa visiwani tumelazimika kuliuliza mara nyingi mno, na kila mara tumeliuliza baada ya wakati wake kupita: ni watu wangapi waliokuwamo chomboni? Asiyezoea safari za majini angedhani kuwa hilo ndilo swali jepesi kuliko yote. Magunia ya karafuu hupimwa na kuandikwa mpaka gunia la mwisho kabla ya kupakiwa melini. Binadamu, ambaye kwa ajili yake meli ya abiria imeundwa, ndiye ambaye mara kadhaa amepanda bila kuandikwa popote, na hata alipozama haikujulikana kuwa alikuwamo.

Hatusemi haya kwa kukisia. Meli ya MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria, karibu na Mwanza, asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, orodha yake ilionyesha abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili. Kwa abiria wa daraja la tatu, ambao ndio wanyonge, hapakuwa na orodha yoyote. Meli yenyewe ilikuwa na uwezo wa kuchukua abiria 430. Nchi nzima iliomboleza kwa siku tatu, tume ikaundwa, na mpaka hivi leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa tofauti ya mamia ya roho.

Kisha bahari ya Zanzibar nayo ikapata zamu yake. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I, iliyoundwa Ugiriki mwaka 1967, ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Zilikuwa zimepita siku chache tu tangu Idi, na watu walikuwa wakirejea makwao pamoja na watoto wao. Meli hiyo iliruhusiwa kuchukua abiria wasiofika 700. Saa za mwanzo zilitajwa hesabu za watu mia sita, kisha mia nane, na tume ya uchunguzi ilipotoa taarifa yake mwaka 2012 ilisema kuwa waliokuwamo walizidi 2,400. Maiti zilizopatikana ni 203. Wengine zaidi ya 1,300 hawakuonekana tena, kwani wazamiaji walioitwa kutoka Afrika ya Kusini hawakuweza kuifikia meli kwa sababu ya kina cha maji na nguvu ya mkondo. Idadi hiyo ya tume haikutoka katika daftari la meli, na daftari lisingeweza kuitoa.

Ikafuata Ukara. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018 ilikuwa siku ya gulio pale Bugolora, katika kisiwa cha Ukerewe, na kivuko cha serikali, MV Nyerere, kilikuwa kikiwarudisha watu wa Ukara na mizigo yao. Kilipinduka kikiwa kimebakiza mita chache tu kufika gatini. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101 na tani 25 za mizigo. Waliookolewa ni 41, na waliokufa walizidi 220. Maofisa walipoulizwa jumla ya waliopanda, jibu lilikuwa kwamba mkatisha tiketi mwenyewe amekufa maji, na mashine yake ya tiketi imezama pamoja naye.

Tungemwomba ofisa yeyote anayesoma ukurasa huu atulie kidogo hapo. Hesabu pekee ya roho zile ilikuwa imewekwa ndani ya chombo kile kile ambacho, kingepatikana na ajali, ndicho kingehitaji hesabu hiyo. Ni sawa na kuuacha ufunguo wa ghala ndani ya ghala na kufunga mlango. Na isidhaniwe kuwa kivuko hicho kilikuwa kimetelekezwa kabisa, la hasha. Kilikuwa kimefungwa injini mpya miezi michache kabla ya msiba. Fedha za umma zilitumika, mafundi walifanya kazi yao, na mitambo ikanguruma vizuri. Fundi mmoja wa mitambo hiyo alitolewa hai siku ya Jumamosi, baada ya kukaa siku mbili ndani ya chombo kilichobinuka. Kilichokosekana ni kitu kisichonunuliwa kwa zabuni: mtu wa kusimama langoni na kusema kuwa sasa wametosha.

Yafaa tueleze kwa nini idadi ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu wako wasafiri wengi, na hata viongozi, wanaoamini kuwa meli huzama kwa uzito tu, kama jiwe. Mara nyingi chombo kilichojazwa huwa hakizami kwanza, bali hupinduka. Abiria wanapozidi, hukosa nafasi chini, hivyo hupanda juu, hukaa juu ya mizigo, husimama kwenye kingo. Uzito unapopanda juu, chombo hukosa mizani, kama mchukuzi aliyetwikwa mzigo mrefu kichwani. Kinaendelea kwenda, hata kwa saa nyingi, na abiria hudhani kuwa hakuna neno. Kisha kinakaribia gati. Watu wote huinuka kwa pamoja na kuelekea upande wa kushukia, kila mmoja akitaka kuwahi, na hapo mzigo uliokuwa umetulia unahama kwa dakika moja. Ndiyo maana baadhi ya misiba hii imetokea mahali ambapo mtu wa pwani angeweza kumtambua nduguye kwa sura. Watu wa kisiwa cha Mombasa hawajasahau tarehe 29 Aprili 1994, pale kivuko cha Mtongwe kilipopinduka mita kama 40 kutoka nchi kavu na watu 272 wakafa maji.

Jambo la pili ni watoto. Mtoto wa mgongoni hakatiwi tiketi, na yule anayeongozwa kwa mkono mara nyingi hupita langoni bila kutazamwa, kwa kuwa hana anacholipa. Karani anayehesabu tiketi anahesabu fedha, wala hahesabu watu. Katika msimu wa sikukuu au shule zinapofungwa, tofauti baina ya hesabu hizo mbili inaweza kuwa kubwa mno, na uzito wa watoto hamsini si kitu kidogo. Zaidi ya uzito, liko suala la majaketi ya kujiokolea. Jaketi la mtu mzima humtoka mtoto kwa juu pindi anapoangukia majini. Chombo kisichojua kimebeba watoto wangapi hakiwezi kujua kinahitaji majaketi madogo mangapi.

Basi kazi hii ya kuhesabu ni ya nani? Kwa sheria, wenye kuulizwa wako wengi. Yuko mwenye chombo, yuko nahodha, yuko mwenye bandari, na yuko mdhibiti. Zanzibar ina Mamlaka yake ya Usafiri wa Baharini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009, yaani miaka miwili kabla ya Spice Islander. Tanzania Bara ilikuwa na SUMATRA, na baadaye kazi ya majini ikahamishiwa TASAC kwa sheria ya mwaka 2017. Ukitazama karatasi peke yake utaridhika kuwa bahari yetu inalindwa kama lulu. Lakini mamlaka hukaa mjini, na chombo hujazwa gatini. Pale gatini sheria yote hiyo ndefu huwakilishwa na kijana mmoja wa cheo cha chini, mwenye mshahara mdogo, aliyesimama baina ya lango na umati. Mbele yake wamo jirani zake, shemeji zake, mwalimu aliyemfundisha, askari aliyemaliza likizo, na mjumbe anayejuana na mkubwa wake wa kazi. Nyuma yake yuko mwenye chombo anayetazama saa. Kijana huyo ndiye tunayemtazamia aseme kuwa safari imejaa, na akisema, ndiye atakayebaki pale na watu waliokasirika baada ya meli kuondoka.

Sisi hatumlaumu kijana huyo peke yake. Tunawauliza waliomweka pale: mlimpa nini cha kuwaambia waliobaki? Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili, na ndipo ambapo tume zote za uchunguzi, kwa heshima zote, hupita haraka mno.

Yamekuwapo mazoea ya kumtupia abiria lawama. Husemwa kuwa wananchi hawasikii, kwamba wanang'ang'ania kupanda, kwamba wanapenda vya rahisi. Si kweli kwamba wananchi hawaoni hatari. Spice Islander ilipokuwa ikiondoka Dar es Salaam, wako abiria walioitazama na wakakataa kuipanda kwa jinsi ilivyojaa. Hao walikuwa na pa kulala na nauli ya siku nyingine. Lakini mama aliyepewa tarehe ya kumpeleka mtoto wake hospitali ya Mnazi Mmoja, na ambaye safari inayofuata kwa nauli anayoimudu iko siku mbili mbele, hana uchaguzi wa namna hiyo. Mkulima wa Ukara aliyeuza muhogo wake gulioni hawezi kulala Bugolora hadi kesho yake, kwani fedha aliyoipata ingeishia kwenye malazi na chakula. Tukumbuke kuwa Ukara ni kisiwa kidogo chenye watu wengi sana, ambao kwa vizazi vingi wamesifiwa na wataalamu wa kilimo kwa jinsi wanavyolisha ardhi yao samadi na kuilima bila kuichosha. Watu wenye uangalifu kiasi hicho kwa udongo hawawezi kuitwa wazembe kwa roho zao. Walipanda kwa sababu kivuko kilikuwa kimoja na siku ya gulio ni moja.

Kwa hiyo ukomo wa abiria ulioandikwa kwenye cheti hauwezi kusimama peke yake. Unahitaji safari ya pili nyuma yake. Ikiwa watu 300 wanakwenda gulioni asubuhi, na kivuko kinachukua 101, basi ni hesabu ya darasa la tatu kuwa jioni zitahitajika safari tatu, na kwamba safari ya mwisho lazima ianze kabla ya giza. Kama ratiba haionyeshi safari hizo, aliyeiidhinisha ameidhinisha msongamano, hata kama cheti cha ubora wa chombo kimening'inizwa ukutani kwenye fremu. Wakaguzi wetu hukagua injini, hukagua maboya na vizima moto, hukagua vyeti vya nahodha. Hatujapata kusikia mkaguzi aliyezuia chombo kwa sababu ratiba yake haitoshi kwa watu wanaokingojea.

Tunatamka hivi tukijua kuwa wako watakaosema ratiba ni suala la biashara. Kwa boti ziendazo kasi baina ya Dar es Salaam na Unguja, ambako wasafiri ni wengi na watalii hulipa kwa fedha za kigeni, huenda ikawa hivyo, na tunakiri kuwa huko mambo yamebadilika: tiketi hukatwa kwa jina, kitambulisho huulizwa, na safari ni kadhaa kwa siku. Lakini njia za kwenda Pemba usiku, za Ukara, na za visiwa vingine vidogo hazivutii mwenye mtaji. Huko chombo ni huduma ya umma kama kisima au zahanati, na ni serikali peke yake inayoweza kulipia ile safari ya pili ambayo huenda ikaondoka nusu tupu. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitambua hivyo iliponunua MV Mapinduzi II, meli mpya iliyoundwa Korea ya Kusini na kufika nchini mwishoni mwa mwaka 2015, yenye uwezo wa abiria 1,200. Lilikuwa jambo la kupongezwa, na sisi tunalipongeza. Lakini meli moja kubwa haiwezi kuwa safari mbili, na inapopelekwa chelezoni kwa matengenezo, umati unarudi pale pale ulipokuwa.

Yapo pia mambo ya maji yenyewe, ambayo nayo ni sehemu ya hesabu. Tarehe 18 Julai 2012, hata mwaka haujatimia tangu Nungwi, meli ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kuja Unguja. Iliruhusiwa kuchukua abiria 250, na waliokuwamo walikaribia 300, na nusu hivi ndio waliookolewa. Ziada ile, ukiilinganisha na ya Spice Islander, ilikuwa ndogo. Ila Skagit ilikuwa imeundwa nchini Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya maji yaliyokingwa ya ghuba ya Puget Sound, katika jimbo la Washington, na ikaletwa kufanya kazi katika mlango wa bahari ulio wazi, tena mwezi wa Julai, ambao kila mvuvi wa pwani hii anaujua kuwa ndio mwezi wa kusi kali. Mzee yeyote wa jahazi angeuliza swali hilo kabla ya kuuliza rangi ya chombo: kimezoea maji gani? Cheti kinachosema abiria 250 bila kusema katika pepo zipi na mawimbi ya kimo gani ni cheti nusu.

Baada ya msiba ule Waziri wa Miundombinu na Mawasiliano wa Zanzibar, Mheshimiwa Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu. Katika nchi ambamo kujiuzulu ni jambo adimu, tendo hilo lilistahili heshima na lingali linastahili. Miaka sita baadaye, baada ya Ukara, Rais Magufuli naye alimwondoa mtendaji mkuu wa wakala uliokuwa ukiendesha kivuko na kuivunja bodi yake. Hatuna ugomvi na hatua hizo. Tunachosema ni kwamba waziri anapoondoka, au bodi inapovunjwa, lango la gati hubaki vile vile lilivyokuwa jana, na mtu wake yule yule, na daftari lake lile lile, mpaka pale mtu fulani atakapolibadilisha lango lenyewe.

Ugumu mwingine, ambao maofisa huuzungumza kwa sauti ya chini, ni kwamba vyombo vingi vya namna hii ni mali ya serikali. Kivuko cha Ukara kilikuwa cha TEMESA, wakala wa serikali, na mdhibiti wake alikuwa chombo cha serikali. MV Bukoba ilikuwa ya Shirika la Reli, nalo la serikali. Mkaguzi anayekwenda kumkagua mwenye boti binafsi ana nguvu za kumfungia kazi, na mwenye boti anamwogopa. Mkaguzi huyo huyo anapokwenda kukikagua kivuko cha wizara dada, anajua kuwa akikifungia, simu itapigwa kutoka juu kuuliza kwa nini wananchi wamekwama. Na akiacha kiendelee, hakuna simu itakayopigwa, hadi siku ya msiba. Zaidi ya hayo, sheria ile ya mwaka 2017 ililipa shirika moja kazi ya kudhibiti usafiri wa majini pamoja na kazi za kibiashara za uwakala. Sisi hatuoni kuwa ni busara kumpa mtu mmoja filimbi ya refa na jezi ya mchezaji, hata awe mwadilifu namna gani.

Na isisemwe kuwa serikali haiwezi kujikagua yenyewe kwa ukali inapotaka. Ilipotokea serikali ikanunua boti ya MV Dar es Salaam kwa karibu shilingi bilioni 8, ili isafirishe watu baina ya Dar es Salaam na Bagamoyo, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aliandika bila kigugumizi kuwa mwendo wa boti hiyo ulipopimwa haukufika ule uliotakiwa katika mkataba. Mtu alikwenda majini, akapima, akaandika tarakimu, na taarifa ikasomwa bungeni. Ikiwa tunaweza kupima upungufu wa mwendo wa noti moja au mbili baharini, tunashindwaje kupima watu mia moja waliozidi langoni?

Wakaguzi wa hesabu, tunavyoona, wangetufaa sana katika jambo hili. Wao huchukua vitabu viwili na kuvilinganisha. Kitabu cha mapato ya tiketi kwa siku ya gulio, kikilinganishwa na idadi ya safari zilizofanywa siku hiyo na uwezo wa chombo, kitasema chenyewe kama chombo kilijazwa, bila shahidi wala kiapo. Ikiwa mapato ya safari moja ni ya watu 180 na cheti kinasema 101, fedha zenyewe zimetoa ushahidi, na zimeutoa kabla mtu hajafa. Na ikiwa mapato ni ya watu 90 wakati kila mtu pwani anaona kuwa wamepanda 180, basi liko kosa la pili, la wizi, ambalo pia ni kazi ya mkaguzi. Kwa vyovyote vile vitabu hivyo vipo, na kuvisoma mara moja kwa mwezi hakuhitaji meli mpya.

Hapa tungependa kuwageukia wakuu wa idara nyingine, ambao huenda wamesoma mpaka hapa wakidhani kuwa makala haya ni ya wizara ya uchukuzi peke yake. Kila huduma isiyokuwapo kisiwani hugeuka kuwa abiria. Mgonjwa asiyeweza kupigwa picha kisiwani kwake huvuka na mtu wa kumshika mkono, na hao ni wawili kwenda na wawili kurudi. Mstaafu anayefuata pensheni huvuka. Mwanafunzi anayefuata cheti chake huvuka. Ilipojengwa upya hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani, kwa msaada wa China, ikafunguliwa mwaka 2016, watu waliisifu kwa vitanda na mashine zake, na walikuwa na haki. Sisi tungeongeza kuwa kila mgonjwa anayetibiwa Mkoani ni nafasi iliyopatikana melini. Ofisa wa afya na ofisa wa bandari hawajazoea kukaa meza moja, lakini takwimu zao ni kitu kimoja kilichoandikwa mara mbili.

Vipo pia visiwa ambavyo havina hata meli ya kujazwa. Watu wa Tumbatu huvuka kutoka Mkokotoni kwa mashua, watu wa Kojani na Makoongwe hali kadhalika, na huko hakuna tiketi wala daftari. Mwanzoni mwa Januari 2022 mashua iliyokuwa ikiwapeleka watu mazikoni Kisiwa Panza ilizama, na waliokwenda kuzika wakazikwa. Kupeleka huko kanuni zilizoandikwa kwa ajili ya meli za abiria elfu moja ni kuwafanyia watu mzaha. Kinachowezekana ni kidogo na kinajulikana: mstari wa rangi ubavuni mwa kila mashua, ambao maji yasiuvuke, na sheha au mtu wa kamati ya bandari mwenye ruhusa ya kusema hapana kabla ya nanga kung'olewa. Mstari huo hata asiyejua kusoma anausoma. Watu wa Mafia nao wanajua maana ya kutegemea boti za mbao, kwani ndivyo walivyovuka kwa miaka mingi kabla ya kivuko cha MV Kilindoni kuanza kazi baina ya Nyamisati na Kilindoni.

Tunayoyataka kwa vyombo vikubwa si ya ajabu. Kila anayepita langoni ahesabiwe kama mtu, awe na tiketi asiwe nayo, awe amebebwa au anatembea. Hesabu hiyo iandikwe nakala mbili, moja iende na chombo, na nyingine ibaki nchi kavu kwa ofisa wa bandari kabla kamba haijafunguliwa. Anayehesabu asiwe mwajiriwa wa mwenye chombo, hata kama mwenye chombo ni serikali. Idadi inayoruhusiwa iandikwe kwa Kiswahili na kwa tarakimu kubwa penye ngazi, mahali ambapo abiria mwenyewe ataiona, pamoja na namba ya simu ya ofisa anayejibu usiku. Karani akisema chombo kimejaa, na mkubwa wake akamlazimisha kuendelea, jina la mkubwa liandikwe katika daftari hilo hilo. Tunasisitiza hili la mwisho, kwa kuwa tunaamini kuwa wakubwa wachache wangepiga simu zile kama wangejua kuwa zinaandikwa.

Na ile safari ya pili ipewe fungu lake. Makadirio ya matumizi ya serikali, kwa Bara na kwa Visiwani, hujadiliwa bungeni na katika Baraza la Wawakilishi kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai, wakati kusi limekwisha kushika. Humo husomwa mafungu ya kununua vyombo, ya ukarabati, ya mafuta, ya semina na ya magari ya wakurugenzi. Tunawaomba wawakilishi wa majimbo ya visiwani, wa bahari na wa ziwa, wayafungue mafungu ya uchukuzi na watafute humo fedha za safari za ziada siku za gulio, siku za kuamkia Idi, na siku shule zinapofunguliwa. Kama fungu hilo halimo, waulize kwa nini halimo, na wataje kwa jina njia ambazo chombo chao ni kimoja. Gazeti hili litazichapa njia hizo, pamoja na majibu ya wizara.